Mahali pa Kutua Macho

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila shemeji yako amepata kikohozi na anakohoa kwa madaha, kama mtu anayengoja kupigiwa makofi. Paka amezaa tena chini ya kochi. Mimi tangu nistaafu kufundisha chekechea najikuta nawaamuru watu wazima wapange mstari dukani, na wanapanga. Hayo ndiyo ya huku.

Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei. Na ukipokea unasema "ndiyo", "hapana", "tuko salama", kisha unakata. Barua haina kitufe cha kukatia. Utaisoma mpaka mwisho, na usipotaka kuisoma utaiweka mezani nayo itakuwa inakutazama.

Mdogo wangu, wifi yangu tulimzika mwaka jana, mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Nilibaki kwako baada ya mazishi, nikaona. Unaamka, unakwenda kufua mashuka ya hospitali, unarudi, unakaa kwenye kiti kile kile. Wasichana wakikuuliza jambo unawajibu vizuri tu, lakini ni kama anayejibu yuko chumba cha pili. Sikulaumu, kila mtu hulia kivyake. Lakini mabinti wawili, mmoja wa miaka kumi na miwili na mwingine wa saba, hawawezi kulelewa na kiti.

Nipe wanangu. Mimi ni shangazi yao, si mtu baki. Shule iko karibu na nyumba yangu na kuna chumba kinakaa bure. Hata ngoma yao hiyo ya kutembelea vidole, baleti sijui, nitaulizia kama ipo huku. Wewe utapumua, na wao watapata mtu wa kuwagombeza. Fikiri halafu unijibu, na usichukue mwaka.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua niliipata. Nimechelewa kujibu, hakuna sababu. Sisi hatujambo. Kinda, huyu mdogo, ameng'oka jino la mbele. Mkubwa amerefuka, sare ya shule imekuwa fupi, nimemshushia pindo. Kazini wameleta mashine mpya ya kunyoosha mashuka. Unalitia shuka upande huu, linatoka upande ule bapa, hata mkunjo mmoja huuoni.

Kuhusu wasichana, sawa. Wachukue. Naona unasema kweli na sina la kubisha. Ila wana onyesho la baleti mwezi wa Juni. Mwalimu wao, yule tunayemwita Mama Kisigino kwa sababu neno lake ni "visigino juu" kutwa nzima, ameshawapanga na hatanisamehe nikiwatoa. Basi iwe baada ya hapo, kabla ya muhula mpya.

Msalimie shemeji. Apone kikohozi.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Kinda asichezee pengo kwa ulimi, jino litaota upande. Huku tuko salama. Watoto wa paka nimewagawa wote, mama yao ananinunia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Kesho yake nilikwenda kwa seremala. Vitanda viwili, mdogo wangu, vya mbao nzuri, cha Kinda kina droo chini ya kuwekea takataka zake. Mapazia nimeshona mwenyewe. Yamepinda kidogo upande mmoja lakini mtoto haangalii hayo. Nimemweleza mwalimu mkuu wa shule ya hapa, amesema nafasi zipo. Naingia chumbani humo kila baada ya muda kutengeneza kitu ambacho nilishakitengeneza.

Lakini umekubali upesi mno. Nilikuwa nimejifunga kibwebwe kwa vita, nikakuta mlango wazi na mwenye nyumba hayupo. Umewauliza wenyewe? Na wewe je, unalia? Hata mara moja? Mtu mzima akilia hapungukiwi kitu.

Nijibu, ila safari hii ujibu ulichoulizwa.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, ila Kinda alikuwa na homa, imeisha.

Niliwaambia wakati wa chakula. Mkubwa alisema, "Sawa, baba," akaanza kukusanya sahani. Kinda aliuliza kama shangazi ana kioo kirefu, maana wanajifunza wakishika migongo ya viti na anataka kuona miguu yake. Nikamwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Unataka kujua kama nalia. Silii. Ukiukalia mguu mpaka ufe ganzi, unajua kabisa kuwa ni mguu wako, lakini ukiubonyeza ni kama unabonyeza wa mwenzio. Mimi ni hivyo, mwili mzima. Hapaniumi mahali. Nakula, nalala, naamka.

Nikusimulie jambo. Mama Kisigino aliwapa sketi za onyesho waje nazo nyumbani, akaagiza zitolewe mikunjo. Ni sketi za wavu, tabaka juu ya tabaka, mtoto akivaa zinasimama kiunoni zimetanda kama sinia. Nikazichukua kwenda nazo kazini. Mikono ikafanya inachokijua. Nikazitia wanga, nikazipitisha kwenye mashine mpya, nikazikunja mara nne, nikaziweka kwenye begi. Sikugundua mpaka nilipomkabidhi Mkubwa. Dobi mzima, mtu wa kazi hii tangu ujana, nimepiga pasi sketi za baleti kama foronya.

Mkubwa alizifungua akazitazama. Akasema, "Asante, baba." Kesho yake nikamkuta bafuni, amezitundika juu chini, maji ya moto yanamwagika, mvuke umejaa, naye anauachanisha wavu kwa vidole, tabaka moja moja. Kwa Mama Kisigino alisema walizikalia wenyewe kwa bahati mbaya. Nimeambiwa na Mama Kisigino, ambaye hakuamini.

Nilijua kwamba hapo ndipo mtu huona aibu. Nikangoja nione aibu. Haikuja, nikaenda kulala.

Mbona shemeji hukumtaja safari hii? Kikohozi kimekwisha?

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kioo kipo, kirefu, mpaka miguuni. Mimi mzima. Shemeji yako ana mambo yake.

Habari ya sketi nimeicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Nimefundisha watoto umri wangu wote. Anayelia na kurusha viatu simwogopi, huyo baada ya uji amesahau. Ninayemwogopa ni yule anayepanga viatu vya wenzake bila kuambiwa. Mkubwa wako anakubeba, mdogo wangu, na mgongo wake bado mwembamba. Msichana wa umri ule ilitakiwa akupigie kelele kwa ajili ya sketi ile mpaka majirani waje.

Ndiyo maana nasema walete. Nipe tarehe, nikaungoje mzigo wangu kituoni.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo, ingawa siku hizi nyumba yako unaitolea salamu nusu nusu. Sisi hatujambo. Pindo la sare nimelishusha tena, sasa hakuna kitambaa kilichobaki.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule. Nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini na ovaroli yangu nyeupe, nanuka sabuni. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, pale ambapo mtu akitaka kutoka anatoka bila kuomba radhi. Mbele walijaa akina mama na simu zao juu. Mama Kisigino alikuwa pembeni ya jukwaa amejificha nyuma ya pazia, na sote tulikuwa tunamwona.

Walianza wadogo. Walikuwa matone ya mvua. Kinda alifanya kila kitu nyuma kidogo ya wenzake, tena kwa uhakika mkubwa. Wenzake wakienda kulia yeye anakwenda kushoto, halafu anawatazama kwa huruma, kama waliokosea ni wao. Ukumbi mzima ulicheka, kile kicheko cha upendo. Mimi nilitazama. Nikajiambia, yule ni mwanangu, pengo lile nalijua, soksi zile nimezifua mimi. Nikangoja. Hakikuja kitu. Mama aliyekaa karibu yangu alikuwa anafuta machozi na mtoto wake hata jukwaani hajapanda. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama Kinda.

Kisha wakaja wakubwa. Hapa lazima nikueleze jambo, nami nililijua kwa sababu ya mama yao tu. Mtu wa baleti akizunguka haachi kichwa kizunguke pamoja na mwili. Anachagua kitu kimoja mbele yake na kukikazia macho. Mwili unazunguka, kichwa kinabaki, halafu mwishoni kinageuka upesi kukiwahi kitu kile kile. Bila hivyo kizunguzungu kinamwangusha. Na kila mwaka kitu cha Mkubwa kilikuwa mama yake. Alikuwa anakaa kiti cha mbele, ukingoni mwa njia, na kitambaa chake cha njano kichwani, na mtoto akianza kuzunguka hata chafya alikuwa anaizuia. Nilikuwa namtania kwamba yeye ndiye anayefanya kazi, mtoto anajifurahisha tu.

Mwaka huu kiti kile alikaa bibi mmoja mwenye miwani. Mimi sikulifikiria hilo. Na Mkubwa hakuniambia, kwa kuwa haniambii kitu siku hizi.

Muziki ukaanza. Akazunguka mara ya kwanza, nikaona uso unatafuta. Kila ukirudi unatua mahali pengine. Akaanza kuhama, akasogea ukingoni, akamgonga mwenzake bega, akasimama. Amesimama, dada. Mikono imebaki juu, wenzake wanaendelea kumzunguka, na yeye anawatazama watu kama aliyepotezwa sokoni.

Nikainuka. Sikuamua. Niliinuka kama mtu anavyoinuka benki akisikia namba yake. Nikatoka kwenye safu, nikasimama katikati ya njia. Akaniona. Sikupunga mkono wala sikutabasamu, nilihofia kumchanganya. Bwana mmoja alinivuta ovaroli akasema, "Mzee, keti basi, na sisi tuna watoto." Sikuketi. Akasema tena, safari hii si kwa upole. Mkubwa alishusha mikono, akausikiliza muziki mpaka ulipomfikia, akaingia. Akazunguka, uso ukanirudia. Akazunguka tena, ukanirudia. Zile sketi nilizozilaza zilikuwa zimesimama zote. Nilisimama pale mpaka mwisho bila kutikisika, na walipopiga makofi sikupiga, nilisahau.

Natamani nikuambie kwamba moyo ulifunguka. Haukufunguka. Sikuhisi kitu ila magoti. Lakini nikiwa pale njiani nilipata wazo moja, na sijapata mengi mwaka huu. Kazi ile haikutaka mtu mwenye furaha, wala mwenye maneno. Ilitaka mtu asiyesogea. Hiyo naiweza. Kwa sasa labda ndiyo pekee ninayoiweza.

Tulipokuwa tunarudi Kinda aliuliza kwa nini nilisimama kama askari. Mkubwa akamjibu, "Alikuwa ananishikilia."

Kwa hiyo siwaleti. Nilikupa neno na sasa nalirudisha, na najua umeshatandika vitanda. Nilikubali kwa sababu nilidhani hapa hakuna mtu wa kumnyang'anya watoto. Yupo, dada, ingawa hajaamka vizuri. Nisamehe.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Leo sisalimii. Nimekaa na barua yako mwezi mzima kwa kuwa kila nikishika kalamu natukana. Karatasi za kwanza nimezichoma.

Mtu haahidiwi watoto halafu akaambiwa basi. Nimeshawaambia majirani. Mwalimu mkuu kila tukikutana ananiuliza wanakuja lini, nami namjibu karibuni, karibuni, kama mwizi anayemdanganya mwenye nyumba. Wewe ulisimama kwenye njia mara moja, ukajiona umekuwa mzazi. Na siku usipokuwepo kwenye njia? Na siku Mkubwa atakapohitaji kuulizia mambo ya kike, utasimama wima umtazame?

Hayo nilitaka kukuambia na nimeyasema. Sasa nikuambie lingine, maana uliuliza mara mbili nami nikakupita pembeni.

Shemeji yako hayupo. Hakufa, usishtuke. Alihama mwezi wa Machi, kabla barua yako ya kukubali haijafika. Yuko kwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa, mtaa wa tatu kutoka hapa. Namwona sokoni anachagua nyanya. Anazibonyeza moja moja, anazinusa. Mtu ambaye hapa kwangu hakujua hata nyanya zinawekwa wapi.

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilikuwa nawaonea wanao huruma, na naapa hapakuwa na kingine. Barua ya pili ilikuwa kitu tofauti. Vitanda vile sikuvinunua kwa ajili yao tu. Nilitaka kuamka nisikie mtu anagombania bafu. Nilitaka kupika sufuria kubwa. Kumbe na mimi nilikuwa natafuta pa kushika, nikataka kumshika mtoto ambaye tayari amebeba mtu mzima mmoja. Kwa hiyo ulifanya sawa. Imenichukua mwezi kuandika sentensi hiyo, usitegemee nitairudia.

Wasalimie. Usiwaambie habari za shemeji yako.

Dada yako


8 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimejibu siku ile ile niliyoipokea, utaona mwenyewe tarehe.

Barua yako nimeisoma jikoni, sufuria ikiwa motoni. Nilipofika kwenye nyanya nikapiga meza. Sikujua kama nitaipiga. Kikombe kikaanguka kikavunjika. Nikasema neno ambalo mama angetuchapa kwa ajili yake, nikalisema tena. Mtu uliyemtunza mpaka nywele zake zikageuka mvi, leo anakwenda kumchagulia mwingine nyanya, tena hapo hapo unapopita. Nilimtukana kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. Ilinikera kifuani, hapa, mahali penyewe kabisa, na nilishangaa kwamba pananiuma.

Kinda alikuwa mlangoni. Sikumwogopesha. Aligeuka akakimbia koridoni akiita, "Dada, dada, njoo umwone baba amekasirika!" Aliita kwa furaha, kama anayetangaza mgeni.

Mkubwa akaja, mikono ina povu. Akatazama kikombe sakafuni, akanitazama mimi. Nilidhani atachukua ufagio, maana ndiyo kawaida yake.

Akaniuliza, "Baba, umekasirika?"

Nikamwambia, "Nimekasirika."

"Sana?"

"Sana."

Alikaa chini pale pale mlangoni akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu mazishi, nadhani nawe uliliona hilo. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto wa umri wa Kinda. Akasema zile sketi niliziharibu. Akasema alichoka sana siku ile bafuni. Akasema wenzake wote mama zao waliwasuka nywele siku ya onyesho na yeye alijisuka mwenyewe na kumsuka mdogo wake, na mimi sikuona. Alipiga kelele kweli, dada, mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna ubaya, mwanangu ananigombeza.

Nimemwacha aseme yote. Sikusimama wima. Nilikaa naye sakafuni.

Habari za shemeji nimewaambia, nimevunja agizo lako, wangejua tu. Nasi tumekubaliana sote watatu kwamba wewe ndiye unayekuja huku. Funga nyumba yako, mpe mtu paka, uje ukae mpaka utakapochoka nasi. Sikuiti uje kuwalea, wala sikuiti kwa huruma. Nakuita kwa sababu mtu amekuumiza na ninataka uwe mahali ninapokuona.

Sasa hivi ninapoandika Mkubwa yuko mezani kwangu, bado anashikwa na kwikwi, anakula. Ameniambia chakula kimeungua, na kwamba kosa ni langu.

Mdogo wako